Jina la Nne Kwenye Jiwe la Kabazi

Kabazi imepata jiwe. Limesimamishwa mbele ya ofisi ya chifu, pale ambapo enzi za mzungu palikuwa na ghala la pareto, na limechongwa majina manne ya vijana wa hapa waliokufa wakiwa jeshini. Kamati ya kulizindua ilikuwa imeshapanga mahema, viti, kwaya mbili na mpishi wa pilau, kisha mtu mmoja akauliza ni nani atakayesimama kusema hao vijana walikuwa kina nani. Wakatazamana. Halafu wakanipigia simu mimi.

Mimi ni Mwalimu Akeyo. Nilifundisha Kabazi miaka mingi, nikastaafu, na sasa ninaishi Nakuru mjini, chini ya Milimani, upande ule ambao miti mikubwa imeshaisha na mabati yameanza. Nilipokuwa Kabazi ndimi niliyekuwa mwandishi wa wasifu wa marehemu. Si kwamba ninaandika vizuri kuliko wengine. Mimi ni Mjaluo, sina ukoo pale, na nikiandika kwamba marehemu alikuwa na wake wawili hakuna atakayesema nimetumwa na mke mdogo. Nimewaandikia watu wengi sana, na nimekuja kujua kwamba familia hukaa kimya zaidi wanapofika kwenye aya ya mwisho, ile ya kutaja walioachwa.

Vijana watatu wa kwanza hawakunisumbua. Walikuwa na wajane, watoto, na mashemeji wanaopenda kuongea. Wa nne alikuwa Koplo Micah Kigen, aliyekufa Somalia mwanzoni mwa mwaka wa 2016, na niliyotumiwa kumhusu yangetosha kwenye ujumbe mmoja wa simu. Alizaliwa 1987. Alisoma Kabazi. Aliandikwa jeshi. Hakuoa, hakuacha mtoto.

Nilikuwa nimemfundisha huyo Micah alipokuwa darasa la tano. Nilichokumbuka ni mkono wa kushoto uliokuwa ukifuta maandishi yake mwenyewe kila ulipopita juu ya ukurasa. Nikamwambia katibu wa kamati kwamba hata fahali wa maonyesho ya kilimo husomewa maelezo marefu kuliko hayo. Alikuwa mpole, akasema, "Basi Mwalimu, njoo uulize mwenyewe." Nikapanda.

Mama yake Micah anaitwa Cheruto. Ni Mtugen, Mkalenjin wa Baringo, lakini mumewe alikuwa mkamaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu, na shamba lilipogawanywa akapata kipande chake huku juu, Wakikuyu kulia na Wakikuyu kushoto. Mume alikufa zamani. Binti mmoja ameolewa Marigat, mwingine Eldama Ravine. Micah alikuwa mwana wa kiume wa pekee. Nilimkuta Cheruto akipalilia viazi akiwa amevaa gambuti za mpira. Akanawa mikono, akanipa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kikombe cha bati, akaketi mbele yangu akiwa ameweka mikono magotini, tayari kuulizwa.

"Alikuwa mtoto mzuri," akasema.

"Hilo kila mama husema, Mama Micah. Niambie ubaya wake."

Nadhani tangu mazishi hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Kuamka ilikuwa shida," akasema. "Na alikuwa anaongelesha ng'ombe Kikuyu. Nikamwambia, hawa ng'ombe ni ya Tugen, watasikia nini? Akasema wajifunze lugha ya soko, siku moja watauzwa."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akanionyesha tangi la maji ambalo Micah alilijenga akiwa likizoni. Lilikuwa limeinama upande mmoja. Akanionyesha pia mahali ambapo alikuwa amepima nyumba yake mwenyewe, vigingi vinne tu vilivyobaki ardhini, na mbuzi amefungwa kwenye kimojawapo.

"Andika tu vile wameandika," akasema. "Hakuacha mtu. Kufa, watu hukufa. Mimi hiyo ningeweza. Lakini yeye alienda mzima mzima, hakuacha hata kakitu. Mimi nikienda, hii boma imeisha. Hakuna mtu atasema alikuwa mtoto ya nani."

Nikamaliza maziwa. Nikauliza kama Micah alikuwa na rafiki. Akasema nimtafute Ephantus.

Ephantus ni kijana wa pale pale Kabazi, jirani yao wa chini, ambaye sasa ni fundi Olkaria kwenye visima vya mvuke. Nilimpigia simu jioni. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo usiokatika, na ilibidi aniongeleshe kwa sauti ya kuhubiri.

"Mwalimu, Micah? Tulikuja na yeye huku Olkaria kama vibarua, kufunga mabomba. Huyo jamaa alikuwa mtu wa kucheka mpaka supervisor anamwuliza kama ni mgonjwa. Lakini kukimbia, apana. Unajua aliandikwa jeshi mara ya tatu?"

"Kwa nini mara ya tatu?"

"Mbio. Mara ya kwanza pale stadium Nakuru alimaliza karibu na mwisho. Maofisa wakaangalia jina, Kigen, wakaangalia saa, wakafikiri anawabeba ufala. Wakamwambia arudie. Akarudia, akafika mbaya zaidi. Mkalenjin, Mwalimu, na mimi Mkikuyu nimemwacha nyuma. Tulimcheka hadi Naivasha."

Mara ya tatu alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima alfajiri, kwenye barabara ya mabomba, akivaa buti za kazi ili siku ya mbio, akivaa raba, ajisikie mwepesi. Akapita. Ephantus alinisimulia mengi. Micah alituma karibu kila kitu nyumbani na kukopa sabuni. Alikuwa wa besi kwenye kwaya, ila aliingia mapema kila mara. Aliogopa meno yake kuguswa, na alipopelekwa Somalia alisema afadhali huko kuliko kwa daktari wa meno. Nikaandika yote. Halafu nikauliza swali la aya ya mwisho.

"Na msichana? Hakuwa naye?"

Mngurumo ukapungua kidogo; nadhani alikuwa amesogea mbali na mashine.

"Mwalimu, hiyo si ya simu. Enda kwa Wariara wa masweta."

"Wariara anajua nini?"

"Wewe enda tu. Lakini si ni kitu inajulikana?"

Wariara nilimfundisha pia, madarasa mawili nyuma ya Micah, msichana asiyeinua mkono darasani lakini ukimtaja ana jibu. Ni binti ya Mzee Kihara, aliyekuwa na kisiagi cha mahindi pale senta ya maduka hadi mwaka wa 2008, kilipochomwa kwenye vurugu za uchaguzi. Waliochoma walikuwa vijana wa Kikalenjin kutoka mbali. Kila mtu Kabazi alijua hakuna wa boma la kina Micah aliyekuwa pale. Hilo halikumsaidia Kihara kulala. Alisema mbele ya watu kanisani kwamba hakuna Mkalenjin atakayeingia kwake akiitwa mkwe, na Kihara ni mtu ambaye akisema neno hadharani hulilinda hata likimwumiza mwenyewe.

Leo Wariara ana chumba cha kukodi pale senta na mashine mbili za kufuma. Hufuma masweta ya shule za eneo zima, maruni, kijani na buluu, na kwa kuwa ilikuwa likizo ya Agosti alikuwa na rundo la kumaliza kabla ya kufunguliwa. Nikamwambia Ephantus ndiye amenituma, na ni habari ya Micah. Hakuinua macho. Alivuta mashine ikaenda na kurudi mpaka safu ikaisha.

"Uliza, Mwalimu," akasema.

"Ulimjua vipi?"

"Alikuja kushonewa sweta. Nikampima mkono. Wiki iliyofuata akarudi, akasema nimpime tena, mkono umeongezeka."

"Mwanamume mzima mkono unaongezeka?"

"Nilimwuliza hivyo. Akasema ni chakula ya jeshi."

Hapo akatabasamu, na mashine ikapumzika. Akaniambia kwamba sweta hilo alilifuma na kulifumua mara tatu ili mteja awe na sababu ya kurudi. Micah akiwa likizoni alikuja kukaa kwenye kile kigoda cha kona kumviringishia nyuzi. Alizungusha kwa mkono wa kushoto, kinyume, na nyuzi zikikatika baadaye Wariara alijua ni za nani. Mtu akiingia dukani, Micah alinyoosha mkono na Wariara akaokota utepe wa kupimia. Watu wa Kabazi walishangaa kwamba mwanajeshi huyu hana sweta hata moja lililomkaa.

"Tulikuwa tunangoja likizo ya Desemba," akasema. "Alisema atakuja na mama yake na wazee, akae chini mbele ya baba yangu, atukanwe mpaka baba achoke. Alisema hivyo hivyo, mpaka achoke. Likizo ikasukumwa. Halafu Januari ikaja."

"Ulienda mazishini?"

"Niliimba. Sauti ya pili, mstari wa nyuma. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na hakuna aliyejua. Wale askari wakapiga risasi juu, na hapo ndipo nikasikia mtoto akicheza mara ya kwanza." Alivuta uzi uliokuwa umetokeza kwenye kola, akaukata. "Sikulia. Ningelia ningeulizwa."

Nilitaka kusema neno la kumfariji lakini mlango ulisukumwa. Akaingia msichana wa miaka tisa hivi, mrefu, na debe la maji mkononi.

"Cheruto," Wariara akamwambia, "salimia Mwalimu, kisha umpelekee shosho kuni."

Nilisalimiwa. Mtoto akatoka kumpelekea nyanya yake kuni. Nikakaa nikitazama mlango, kwa sababu mambo yote niliyokuwa nikitafuta kwa siku mbili yalikuwa yamesemwa na mtu anayeagiza kuni.

Nieleze kidogo. Kwa Wakikuyu jina la mtoto halichaguliwi kwa sababu linapendeza. Lina foleni. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, wa pili jina la mama ya mama yake, na kuruka foleni ni kutafuta ugomvi. Msichana akizalia kwao bila mume, foleni hubadilika: mtoto ni wa boma la babu, na binti huyo hupewa jina la nyanya yule yule anayemchemshia uji. Mama yake Wariara anaitwa Wangare. Yuko hai, ana nguvu, na mtoto alipozaliwa kila mtu alimngoja Wangare mdogo. Wariara alipoulizwa jina akasema Cheruto.

Hakutaja baba. Hakukuwa na haja. Kabla ya jioni, kila Mkikuyu wa Kabazi alijua mtoto ni wa nani, kwa maana Cheruto alikuwa mmoja tu pale na alikuwa na mwana mmoja tu. Mzee Kihara alisikia jina, akatoka kwenda kufunga ng'ombe, akarudi, akasema mtoto asiwekwe karibu na dirisha. Hakuna aliyeongeza neno. Jambo likishasemwa kwa jina, kulisema tena kwa mdomo ni utovu wa adabu.

"Na mama yake Micah alisema nini?" nikauliza.

Hapo ndipo Wariara alipokasirika. Alikuwa ameiweka hasira hiyo muda mrefu, na ilitoka ikiwa imepangwa.

"Hakusema kitu. Nilimpa mtoto, Mwalimu. Kwetu ukipewa mtoto unakuja kumwona. Hata kama huna kitu unakuja mikono mitupu. Nilimngoja. Nilinunua blanketi mpya nikaiweka, siku akija ndiyo mtoto afunikwe nayo. Mtoto akaota meno. Akaachishwa titi. Akaingia shule. Mama huyo tunakutana naye kanisani ananisalimia tu vile anasalimia watu wa kiti kingine. Mwishowe nikasema sawa. Ameangalia, ameona ni damu ya Kihara, amekataa. Sitamlazimisha."

"Uliwahi kumwambia?"

"Nimwambie nini zaidi ya jina?"

Nilitaka kucheka, na nilitaka pia kumpiga mtu makofi, ila sikujua nianze na nani. Kwa sababu ukivuka upande wa pili wa kanisa hilo hilo, kwa Watugen wachache wanaokaa karibu na dirisha, jina kama Cheruto halirithiwi na mtu kutoka kwa mtu. Linasema mtoto alivyozaliwa. Ukizaliwa kukipambazuka utaitwa Kipkoech, na mwingine hupewa jina la mvua au la ng'ombe wanaporudi. Cheruto ni msichana aliyezaliwa mama yake akiwa safarini, au amelala ugenini. Mama Micah akisikia kwamba kuna Cheruto mdogo kwa kina Kihara, anachosikia ni kwamba Wariara alishikwa na uchungu njiani. Atashangaa kidogo kwamba Wakikuyu nao wamejifunza kuita hivyo, kisha atafungua kitabu cha nyimbo.

"Hajui," nikamwambia Wariara.

"Anajua."

"Wariara, nimetoka kwake jana. Amelia kwa kuwa mwanawe hakuacha mtu." Hakuwa amelia, lakini nilikuwa nimeshachoka na adabu za watu hawa.

Mikono yake ilirudi kwenye mashine bila kuisukuma. Nikaona jinsi mtu anavyopigana na kitu alichokiamini miaka tisa: hataki kiwe kweli, na hataki pia kiwe uongo, maana kikiwa uongo basi miaka hiyo imepotea bure.

"Mimi sipandi huko," akasema. "Nikienda leo, baada ya hiyo jiwe kusimamishwa, watasema natafuta shamba ya Micah. Mwenye jina ndiye huja. Akitaka, njia ni hiyo."

Nilipanda mimi. Sikuulizwa na kamati, na mwandishi wa wasifu hana kazi ya kubeba habari kutoka boma hadi boma. Lakini nilimwona yule mwanamke kwenye viazi vyake akijiandaa kufa kama mtu wa mwisho, na mjukuu wake yuko chini pale anabeba kuni, na kati yao kuna mteremko ambao hata mimi mwenye magoti haya ninaumaliza bila kupumzika. Nilikuwa na hasira. Hasira ndiyo iliyonipandisha.

Nilimkuta kwenye viazi vile vile. Sikuketi, na sikumzungusha. Nilimweleza foleni ya majina ya Wakikuyu, taratibu, jinsi ningelieleza darasa. Binti wa kwanza ni mama ya baba. Akaitikia, akidhani ni mazungumzo tu. Nikamwambia Wariara wa masweta ana binti mmoja, na mama yake Wariara ni Wangare, na binti huyo haitwi Wangare.

"Anaitwa Cheruto," akasema. "Namjua. Alizaliwa njiani."

"Nani alikuambia alizaliwa njiani?"

Akafungua mdomo. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amejua tu, kwa namna ile ile Wariara alivyojua yake. Jembe lilikuwa mkononi, akaliegemea.

"Mwalimu," akasema, "unaniambia nini?"

"Micah alikuwa akienda pale dukani kila likizo. Mtoto alizaliwa miezi mitano baada ya mazishi. Mama yake akampa jina lako, na akakungoja."

Nilitegemea machozi. Sikuyapata. Alipoongea sauti ilikuwa kavu.

"Nani alijua?"

"Upande wa Wakikuyu, wote."

"Ephantus?"

"Naye pia. Alidhani unajua."

"Wale wamama wa maombi? Wanakuja hapa kila Januari kunipa pole. Wanaomba kwa sauti Mungu anikumbuke kwa vile sina mtu. Hao walijua?"

Akageuka akatazama chini, kule mabati ya senta yanakoonekana. Nilidhani atanifukuza. Ningekuwa yeye ningenifukuza. Badala yake aliweka jembe chini, akapita mbele yangu, akaanza kuteremka. Nikamkumbusha kwamba bado amevaa gambuti na aproni ya shambani. Akasema hizo ndizo anazo.

Njiani mtu mmoja alitusalimia kutoka kwenye ua, hakuitikia, na Cheruto si mtu wa kutoitikia salamu. Tulipofika dukani aliingia mbele yangu. Wariara aliona gambuti kwanza, kisha aproni, kisha uso. Akasimama. Hakusema karibu, na nilielewa kwamba hakuwa na ukali wowote. Aliondoa masweta yaliyokuwa kwenye kile kigoda cha kona.

"Nimekuja kuuliza kitu moja," Cheruto akasema. "Huyu mtoto. Ulimzaa safarini?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelala kwa watu?"

"Hapana. Nilimzaa hapa Kabazi, mchana, kwa mama yangu."

Cheruto alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Hesabu ya majina ya kwao ilikuwa imekataa, na iliyobaki ni ile ya jirani zake.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ni wewe," Wariara akasema. "Miaka tisa ni wewe."

"Ungeniambia kwa mdomo."

"Nilikuambia kwa njia ile naijua."

"Mimi sikuwa najua hiyo njia, mtoto yangu. Ningekuja hata usiku."

Hapo Wariara akalia, yeye ambaye hakulia risasi zilipopigwa. Alilia amesimama, utepe wa kupimia shingoni, bila kujifunika uso. Cheruto hakumkumbatia. Hawa si watu wa kukumbatiana, na hasira ya wale wamama wa maombi ilikuwa bado haijatoka mwilini mwake. Alivuta kile kigoda cha kona akaketi, akaweka mikono magotini, na kwa mara ya pili katika siku hizo mbili nikamwona amekaa vile, ila safari hii yeye ndiye aliyekuwa na maswali.

Alianza kama mtu anayeogopa kunyimwa. Jino la kwanza lilitoka juu au chini? Chini. Alitambaa? Hakutambaa, alikaa tu pale alipowekwa, kisha siku moja akasimama. Aliwahi kuugua? Kifua, mara moja, wakaenda naye Nakuru. Anakula nini? Kila kitu isipokuwa mboga ya managu. Anaandika na mkono gani? Wa kulia, Wariara akasema, si wa kushoto kama baba yake. Mwalimu wake anasemaje? Anaongea sana. Anaogopa nini? Radi. Wariara alijibu yote akiwa bado anapangusa pua kwa kiganja, na mahali fulani katikati ya maswali aliacha kusema "wewe" akaanza kusema "shosho", na sidhani alisikia alipobadilisha.

Mimi nilikuwa mlangoni na kalamu mfukoni. Sikuandika hata neno. Nje watu walipita, wawili wakachungulia, wakaona nani ameketi pale, wakaenda haraka kuliko walivyokuja. Kabla ya machweo Mzee Kihara angekuwa ameshasikia, na sikujua angefanya nini. Mpaka leo sijui alifanya nini siku hiyo, ila najua hakuja kumtoa mtu.

"Yuko wapi sasa?" Cheruto akauliza mwishowe.

"Ametumwa kusagisha unga. Anarudi."

Cheruto akatazama aproni yake, akajaribu kukung'uta udongo uliokauka, akaacha. Aligeuka kunitazama mimi, kisha Wariara. Mwanamke huyu amezika mume na mwana, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona ameogopa.

"Akiingia hapa," akasema, "nitamwambia mimi ni nani?"

"Usimwambie kitu, shosho," Wariara akasema. "Kwetu mtoto hufundishwa ni jina ya nani amebeba kabla hajajua kufunga kifungo. Kila Jumapili anakuja kukushika mkono pale nje ya kanisa, unafikiri alikuwa anasalimia nani? Yeye amejua siku zote."